Mgongo wa Kijana na Uzito wa Gunia

(Maandishi ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa wajumbe wa vyama vya msingi, Kilwa Masoko)



Katika mikutano ya ushirika hesabu ya mali hufanywa kwa uangalifu. Huhesabiwa magunia, mizani, maturubai, fedha iliyoko benki na deni lililosalia. Lakini ipo mali moja isiyoandikwa katika daftari lolote, nayo ndiyo inayozaa nyingine zote. Mali hiyo ni mwili wa mkulima na mwili wa mpakiaji. Ufuta haujileti ghalani wenyewe, wala korosho hazipandi lori kwa miguu yake. Kila kilo inayouzwa mnadani imeinamiwa, imeokotwa, imefungwa, imetwikwa na kutuliwa na mgongo wa mtu, na mara nyingi mgongo huo ni wa kijana.

Wengi hudhani kwamba maumivu ya kiuno ni ugonjwa wa wazee. Dhana hiyo si sahihi. Kwa watu wengi maumivu haya hutokea kwa mara ya kwanza ujanani, na tena yule aliyekwisha kuumwa mara moja ndiye aliye karibu zaidi na kuumwa mara ya pili. Duniani kote, mwaka 2020, watu wapatao milioni 619 walikuwa na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo, na hakuna maradhi mengine yanayowaweka watu wengi zaidi katika hali ya kushindwa kufanya kazi zao. Kwa hiyo suala hili ni la afya, na ni la uzalishaji vilevile. Kijana wa miaka 22 akishindwa kuinama msimu wa palizi, shamba lake huingia magugu, nacho chama hupungukiwa magunia.

Makusudi ya mazungumzo haya ni kueleza mambo mawili. La kwanza ni jinsi misuli ya kiwiliwili inavyoulinda mgongo wa kijana, na namna ya kuipa misuli hiyo uwezo wake. La pili ni kwamba upo uzito ambao hakuna misuli itakayouhimili siku zote, na uzito huo hupangwa na watu mezani, katika vikao.

Mlingoti na kamba zake

Uti wa mgongo una pingili 24 zinazocheza, na tano za chini ndizo pingili za kiuno. Kati ya pingili na pingili kuna kisahani cha gegedu chenye maji, ambacho kazi yake ni kupokea kishindo na kuuwezesha mgongo kupinda. Mtu autazamapo uti huo huweza kufikiri kwamba ni nguzo imara inayosimama yenyewe. Sivyo. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, Joseph Crisco na Manohar Panjabi, walithibitisha mnamo mwaka 1992 kwamba pingili za kiuno zikivuliwa misuli yote hupinda na kuanguka zikibebeshwa mzigo wa kilo 9 tu. Uzito huo haufikii hata ndoo ya maji ya lita 10.

Mabaharia wa Kilwa hawatashangaa kusikia hayo. Mlingoti wa jahazi, hata ukiwa wa mti mgumu namna gani, haustahimili upepo wa kusi kwa ugumu wake peke yake. Husimama kwa sababu umekazwa kwa kamba kutoka kila upande. Kamba moja ikilegea, mlingoti huelemea upande wa pili na kuanza kulia. Uti wa mgongo nao ndivyo ulivyo. Kamba zake ni misuli ya kiwiliwili: ya tumbo kwa mbele, ya mbavuni kwa pembeni, na ile mirefu ya mgongo kwa nyuma, pamoja na misuli midogo ya ndani inayoshika pingili moja na nyingine. Juu yake kuna kiwambo cha pumzi na chini yake kuna misuli ya sakafu ya nyonga. Yote ikikazwa kwa pamoja, kiwiliwili huwa kama pipa lililojaa, nao uti hukaa katikati bila kuyumba.

Misuli ya nyuma hufanya kazi kubwa kuliko inavyodhaniwa. Ipo sentimita 5 au 6 tu nyuma ya kitovu cha pingili, na ilhali mzigo alioushika mtu kwa mikono huweza kuwa sentimita 40 mbele. Hii ni kanuni ya wenzo. Kilo 50 zilizoshikwa mbali na mwili kwa kiasi hicho huilazimisha misuli ya mgongo kuvuta kwa nguvu inayokaribia kilo 400, na nguvu hiyo yote hukandamiza visahani vya kiuno. Mzigo uleule ukikumbatiwa karibu na tumbo, hesabu hupungua kwa zaidi ya nusu. Ndiyo maana hatari ya gunia haimo katika uzito peke yake, imo pia katika umbali wake kutoka mwilini.

Nguvu na stahamala

Vijana hupenda kushindana kwa nguvu. Ghalani husifiwa yule anyanyuaye gunia peke yake. Lakini uchunguzi wa miaka mingi umeonyesha kwamba kinga ya mgongo haimo sana katika nguvu ya mara moja, bali katika stahamala, yaani uwezo wa misuli kuendelea na kazi yake kwa muda mrefu bila kuchoka. Mwaka 1984 daktari wa Denmark, Fin Biering-Sørensen, alitangaza matokeo ya uchunguzi wake juu ya wanaume na wanawake zaidi ya 900. Kila mmoja alilazwa kifudifudi juu ya meza, miguu ikafungwa, kiwiliwili kikaachwa hewani bila kuegemea kitu, akatakiwa akinyooshe kwa kadiri ya uwezo wake. Katika mwaka uliofuata, wanaume waliokuwa wamestahimili muda mrefu walipata maumivu ya mara ya kwanza kwa uchache kuliko wale waliochoka upesi.

Nchini Kanada, mtaalamu Stuart McGill na wenzake walipima vijana wenye afya na kutoa matokeo mwaka 1999. Katika kipimo hicho cha kunyoosha mgongo wanaume walistahimili wastani wa sekunde 146 na wanawake sekunde 189. Katika kipimo cha ubavu, ambapo mtu hujiinua kwa kiwiko kimoja, wanaume walistahimili zaidi ya sekunde 90 na wanawake zaidi ya 70. Jambo la kuzingatia hapa ni uwiano. Tumbo lenye nguvu pamoja na mgongo mchovu, au ubavu wa kulia uliouzidi sana wa kushoto, ni kama kamba za mlingoti zilizokazwa upande mmoja.

Inafaa, hata hivyo, ukweli usemwe kwa ukamilifu wake. Udhaifu wa misuli si chanzo pekee cha maumivu ya kiuno, na wapo wenye misuli thabiti wanaoumwa. Aghalabu udhaifu huja baada ya maumivu. Mtaalamu wa Australia, Julie Hides, na wenzake walionyesha katika miaka ya 1990 kwamba mtu akiumwa mgongo kwa mara ya kwanza, ile misuli midogo ya ndani hunywea upande wa maumivu, na maumivu yakiisha misuli hairudi yenyewe katika hali yake ya awali. Wagonjwa waliofundishwa kuizoesha upya walifuatiliwa: katika mwaka mmoja asilimia 30 kati yao waliumwa tena, ambapo miongoni mwa wasiofundishwa waliumwa tena asilimia 84. Wagonjwa hao hawakuwa wengi, jumla yao 39, lakini funzo lake ni zito. Kupoa kwa maumivu si kupona kwa mgongo. Kijana anayerudi katika kazi ya magunia mara tu maumivu yanapokoma hurudi akiwa na kamba iliyolegea.

Kazi za pwani na miinamo yake

Kazi za Kilwa na pwani ya Lindi zina miinamo ya namna mbalimbali. Mkulima wa ufuta huinama kupalilia kwa jembe la mkono lenye mpini mfupi, akainama tena kukata na kufunga matita. Mwokota korosho huinama tangu asubuhi hadi jua kali. Mvuvi huvuta juya huku amepinda kiuno, akina mama huinama majini katika mashamba ya mwani, na mchota chumvi huinama na koleo. Hata karani aketiye mizanini na kijana wa bodaboda hawakusalimika, kwa kuwa kuketi kwa kujikunja kutwa nzima nako hukandamiza visahani. Katika miaka ya 1960 daktari wa Sweden, Alf Nachemson, alipima mkandamizo ndani ya visahani vya watu walio hai akaona kwamba mtu aketipo bila kuegemea mkandamizo ni mkubwa kuliko asimamapo.

Yapo mambo mawili ambayo kila mkulima afaa kuyajua kuhusu kuinama. Kwanza, mtu ainamapo kabisa na kubaki hivyo, misuli mirefu ya mgongo hunyamaza, na mzigo wa kiwiliwili huachiwa mishipi ya kano zinazofunga pingili. Kano hizo hurefuka polepole kama kamba mbichi inayoning’inizwa uzito. Mtu akisimama ghafla baada ya saa ya palizi na kushika gunia papo hapo, anabeba kwa mgongo ambao kano zake bado zimelegea. Dakika chache za kusimama wima na kutembea kabla ya kunyanyua mzigo huurudishia mgongo sehemu ya uimara wake.

Pili, usiku visahani vya gegedu hunyonya maji na kuvimba. Ndiyo sababu mtu huwa mrefu kidogo asubuhi kuliko jioni. Katika saa ya kwanza baada ya kuamka visahani vimejaa, na kuinama sana wakati huo huvikandamiza zaidi ya wakati mwingine wa siku. Uchunguzi uliofanywa Marekani mwaka 1998 ulionyesha kwamba wenye maumivu ya muda mrefu waliojizuia kuinama alfajiri walipata nafuu. Mkulima adamkaye kwenda shamba na atembee kwanza. Kazi ya kusimama itangulie, ya kuinama ifuate.

Frasila mbili na kilo mia

Historia ya pwani hii ni historia ya mizigo. Kutoka Kilwa Kivinje misafara ya karne ya 19 ilikwenda hadi Ziwa Nyasa na kurudi, katika biashara iliyojaa dhuluma ya pembe na ya watumwa. Mpagazi wa ujira katika misafara ya nchi hii alibeba, kwa kawaida, mzigo wa frasila 2 hivi, yaani kilo 30 na ushei. Kipimo hicho hakikutokana na huruma. Mwenye msafara alijua kwamba mpagazi akivunjika njiani, mzigo nao hubaki njiani.

Katika mkoa huohuo wa Lindi, kwenye kilima cha Tendaguru, Wajerumani walichimba mifupa ya mijusi wakubwa wa kale kati ya miaka 1909 na 1913. Mamia ya wenyeji waliajiriwa, na msimamizi mashuhuri wa uchimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe zilitolewa huko hadi bandari ya Lindi juu ya vichwa na mabega ya wapagazi, kwa mwendo wa siku nne hivi, zikapakiwa meli kwenda Berlin. Mnyama mkubwa anayesimama leo katika jumba la makumbusho la mji huo alifika huko akiwa vipande vipande, kila kipande kikiwa mzigo wa mtu. Tani hizo zote ziligawanywa kwa kadiri ya mgongo wa binadamu.

Sasa na liangaliwe gunia la leo. Kanuni za vipimo za Tanzania zinakataza kufungasha mazao kwa zaidi ya kilo 100, na zimepiga marufuku lumbesa. Kanuni hiyo ni njema, nayo ilikusudiwa kumlinda mkulima asipunjwe na mnunuzi. Lakini ilipima haki ya mfuko, haikupima uwezo wa mgongo. Kilo 100 ni mizigo mitatu ya mpagazi wa zamani. Shirika la Kazi Duniani, katika pendekezo lake namba 128 la mwaka 1967, lilitaka mzigo wa mwanamume mtu mzima usizidi kilo 55, na wa wanawake na vijana wadogo uwe pungufu zaidi. Wataalamu wa usalama kazini wa Marekani, katika kanuni yao ya miaka ya 1990, walianzia kilo 23 kuwa uzito wa kunyanyuliwa katika hali iliyo bora kabisa, kisha wakaupunguza kwa kadiri mzigo unavyokuwa mbali na mwili au chini ya magoti.

Si ajabu kwamba vijana huweza kubeba gunia la kilo 100. Liko begani au kisogoni, karibu na mhimili wa mwili, nalo huweza kuchukuliwa kwa hatua fupifupi. Watafiti waliofanya kazi na akina mama wa Kenya waliripoti mwaka 1986 kwamba Waluo wanaobeba kichwani na Wakikuyu wanaobeba kwa ukanda wa kipaji waliweza kuchukua mzigo wa asilimia 20 ya uzito wao bila kutumia nguvu ya ziada. Ustadi wa kuchukua ni urithi wa watu wa Afrika Mashariki. Balaa imo katika kunyanyua na kushusha, pale gunia linapotoka ardhini au linaporushwa juu ya rundo. Wahenga walilijua hilo ndiyo maana lugha ina neno la kutwisha na neno la kutua. Mwungwana hakumwacha mwenzake ajitwike peke yake. Desturi hiyo ya kutwishana ilikuwa kanuni ya afya kabla hazijaandikwa kanuni.

Mazoezi matatu ya mkekani

Kuimarisha misuli ya kiwiliwili hakuhitaji chuma wala jumba la michezo. Mkeka mmoja watosha. Mazoezi yafuatayo ndiyo ambayo Stuart McGill aliyachagua kwa kuwa huizoesha misuli yote bila kuvikandamiza mno visahani.

Zoezi la kwanza ni la tumbo. Kijana hulala chali, goti moja limekunjwa, mguu wa pili umenyooka. Viganja vyake huviweka chini ya kiuno ili kuhifadhi uwazi mdogo wa asili ulioko hapo. Kisha huinua kichwa na mabega kidogo tu, bila kuukunja mgongo, hukaa hivyo kwa sekunde 8 hadi 10 huku akipumua, na kushuka.

Zoezi la pili ni la ubavu. Hulala kwa ubavu, akajiegemeza juu ya kiwiko, akainua nyonga hadi kiwiliwili kinyooke kama ubao. Anayeanza huegemea magoti, na aliyezoea huegemea nyayo. Hufanya upande wa kulia, kisha wa kushoto, kwa kipimo kilekile.

Zoezi la tatu ni la mgongo. Hupiga magoti na kuweka viganja chini kama mtoto anayetambaa, kisha hunyoosha mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma, na baadaye kinyume chake. Mgongo uwe tambarare kiasi kwamba kikombe cha chai kikiwekwa kiunoni kisimwagike.

Kila zoezi hurudiwa mara 6, ikafuata pumziko fupi, kisha mara 4, pumziko, kisha mara 2. Mtu huongeza idadi ya kurudia, wala haongezi muda wa kukaza kupita sekunde 10, maana shabaha ni stahamala. Kazi yote huchukua robo saa. Isifanywe mara tu baada ya kuamka. Iambatane na kutembea, kwa kuwa kutembea nako ni dawa. Katika jaribio la Australia lililotangazwa mwaka 2024, watu 701 waliokuwa wamepona maumivu ya mgongo walifuatiliwa. Waliowekwa katika mpango wa kutembea walikaa siku 208 kabla ya nusu yao kuumwa tena, na wasiowekwa walikaa siku 112.

Maumivu yanapokuja

Kijana akishikwa na kiuno, wengine husema ni mshipa, wengine ngiri, wengine husema nguvu za kiume zimepungua. Huuziwa mizizi, hupigwa chuku, au hununua vidonge dukani na kuvimeza kila siku ili aendelee na kazi. Vidonge vya maumivu vitumiwavyo kwa muda mrefu bila ushauri hudhuru tumbo na figo, na humfanya mtu abebe mzigo juu ya jeraha asilolisikia.

Wengine hulala kitandani juma zima. Hilo nalo si jema. Huko Helsinki, Finland, mwaka 1995, watumishi 186 wa manispaa waliokuwa na maumivu makali waligawanywa makundi matatu: waliolala siku mbili, waliopewa mazoezi maalum, na walioendelea na shughuli za kawaida kwa kadiri maumivu yalivyoruhusu. Kundi la tatu lilipona upesi kuliko mengine. Kwa hiyo ushauri ni huu: mtu apunguze mizigo, asipunguze mwendo. Maumivu mengi hupungua sana ndani ya wiki sita. Ukanda wa kiunoni unaouzwa kwa wapakiaji haujathibitika kuwa kinga, na huweza kumtia mtu ujasiri asiostahili.

Zipo dalili ambazo hazingoji wiki sita. Mgonjwa aliyepatwa na ganzi katika mapaja ya ndani na sehemu za siri, aliyeshindwa kuzuia au kutoa mkojo, au aliyelegea mguu, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Vivyo hivyo aliyeanguka kutoka mnazini au mkoroshoni. Mwenye homa, anayekonda, anayetokwa jasho la usiku au anayeumwa zaidi alalapo, achunguzwe mapema, kwa kuwa kifua kikuu huweza kuingia katika pingili za mgongo. Safari ianzie zahanati iliyo karibu, na ikibidi iishie hospitali ya wilaya, Kinyonga, Kilwa Kivinje.

Wajibu wa vyama

Mwaka 2016 wataalamu walikusanya majaribio 21 yaliyohusu zaidi ya watu 30,000, ili kujua ni kitu gani hasa huzuia maumivu ya mgongo. Mazoezi pamoja na elimu yalipunguza hatari ya kuumwa kwa asilimia 45 hivi. Mikanda haikusaidia. Elimu peke yake haikusaidia pia. Maana yake ni kwamba mazungumzo kama haya, yakiishia kusikilizwa na kupigiwa makofi, hayatamponya kijana hata mmoja. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 inakumbukwa Tanzania kwa sababu watu wapatao milioni 2 waliokaa katika vikundi kusikiliza redio waliondoka hapo wakachimba vyoo. Maneno yalifuatwa na kazi.

Yapo mambo ambayo chama cha msingi huweza kuyaamua katika mkutano wake wenyewe.

Kwanza, uzito. Mahali ambapo mnunuzi na ghala wanaafiki, mazao yafungashwe kwa kilo 50. Itasemwa kwamba magunia yataongezeka gharama, na mpakiaji alipwaye kwa gunia atachuma mara mbili au atapunjwa nusu. Jibu ni kulipa upakiaji kwa kilo, siyo kwa gunia. Hapo mpakiaji hatapoteza ujira wake, wala chama hakitalipa zaidi kwa kazi ileile. Gharama ya vifungashio ni ya kweli, nayo ipimwe kwa haki dhidi ya gharama ya kijana aliyelala nyumbani. Pale ambapo gunia la kilo 100 haliepukiki, libebwe na watu wawili au litumiwe toroli, na kanuni hiyo iandikwe ukutani.

Pili, kimo. Jukwaa la mbao lenye kimo cha kiuno kando ya mizani huondoa sehemu kubwa ya hatari, kwa kuwa gunia halitoki tena ardhini. Fundi seremala wa kijijini huweza kulitengeneza kwa siku moja. Rundo la ghalani nalo lisipandishwe hadi mtu arushe gunia juu ya mabega.

Tatu, mpango wa kazi. Wapakiaji wapokezane, na aliyetoka kuinama asinyanyue mzigo kabla ya kusimama dakika chache. Robo saa ya mazoezi ianzishwe katika msimu, nao vijana wa timu ya mpira wa kijiji waweza kuwa viongozi wake. Majembe ya mpini mrefu yaagizwe pamoja na pembejeo nyingine, wanachama wayajaribu.

Nne, kumbukumbu na sheria. Kila anayeumia kazini aandikwe katika daftari: tarehe, kazi, uzito. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kumlinda mfanyakazi, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulioanza kazi mwaka 2015 upo kwa ajili ya wanaoumia. Chama kilichoajiri watu kihakikishe kwamba watu hao wamesajiliwa kabla ya ajali, siyo baada yake.

Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayepanga uzito wa gunia akiwa ameketi mezani huuona mwepesi, kwa kuwa hautatua begani mwake. Lakini ushirika ulianzishwa ili mzigo wa mmoja uwe mzigo wa wote. Basi katika mkutano mkuu ujao, hesabu ya magunia na mizani itakapokwisha kusomwa, ajenda ya mgongo wa mpakiaji na isomwe, ijadiliwe na kupigiwa kura, na azimio lake liandikwe katika kitabu cha kumbukumbu pamoja na jina la mjumbe atakayesimamia utekelezaji wake.